Anayelipa ushuru wa soko asikilizwe sokoni

Sisi tunaovuka Namanga, Mutukula au Rusumo na mizigo tunaujua uzito wa mpaka. Majirani zetu wa Komoro wanaujua zaidi, kwani mpaka wao ulitokana na kura.

Desemba 22, 1974, visiwa vinne vya Komoro viliulizwa kama vinataka uhuru. Kwa jumla, zaidi ya asilimia 90 walikubali. Kisiwa cha Mayotte peke yake kilikataa, karibu wapiga kura wawili kati ya kila watatu. Ufaransa ikahesabu kisiwa kwa kisiwa, ikabaki na Mayotte. Umoja wa Mataifa, ulipoipokea Komoro mwaka 1975, uliitambua kuwa nchi ya visiwa vyote vinne. Mwaka 2009 Mayotte ikapiga kura kuwa mkoa kamili wa Ufaransa, na mwaka 2011 ikawa.

Tangu 1995, anayetoka Nzwani, umbali wa kilomita 70 hivi, hudaiwa viza. Asiyeipata hupanda kwasakwasa, boti ndogo za uvuvi. Wengi wamezama.

Hata anayefika salama hana sauti. Karibu nusu ya wakazi wa Mayotte ni raia wa kigeni, wengi wao Wakomoro. Mama wa Nzwani anaweza kuuza ndizi Mamoudzou miaka ishirini asimchague hata diwani. Mjerumani aliyehamia mwaka jana, akishajiandikisha, anamchagua, kwa kuwa nchi yake imo katika Umoja wa Ulaya.

Watu watasema kura ni ya raia. Kwa rais na wabunge, nakubali. Lakini Ulaya imekiri kwamba mambo ya mji yanamhusu pia jirani anayeishi mjini humo. Itifaki yetu ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inafungulia njia bidhaa, watu na mitaji. Kura haimo.

Basi tuanze na dogo. Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki anayelipa ushuru wa meza katika mji wa jirani apewe haki ya kuchagua kamati ya soko lile, inayopanga meza, usafi na saa za kufunga. Halmashauri haihitaji kubadili katiba ya nchi kwa hilo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe tumeshapewa, na tunalima. Tupewe na nafasi mkekani, panapozungumzwa mavuno.