Namba Inafungiwa, Hela Imeshaliwa

Makamanda, msimu wa kahawa ukianza huku Karagwe na Kyerwa, meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" nazo zinaanza. Mwaka jana shangazi yangu wa Nkwenda katuma. TCRA wanasema ripoti kwenda 15040, namba ifungiwe. Sawa, ripotini, hata mimi naripoti. Lakini kwenye barua pepe, seva husoma orodha kama ya Spamhaus na kumkataa tapeli mlangoni, kabla barua haijaingia. Kwetu namba inafungiwa hela imeshaliwa, na kesho yake jamaa ana laini mpya. Mwaka 2020 si tulipanga foleni kutwa nzima kusajili laini kwa alama za vidole? Sasa hizo za matapeli zimesajiliwa kwa vidole vya nani? Waziri atujibu.