Majina matatu, bwana mmoja

Kila nifundishapo historia, huwasihi wanafunzi wangu wasilipuuze jina la mahali. Jina ni ushahidi, na kila ushahidi una mwenye kuutoa.

Tutazame Špania Dolina, kijiji kidogo cha milimani nchini Slovakia, karibu na mji wa Banská Bystrica, kilichosifika kwa karne nyingi kutokana na shaba yake. Wajerumani walikiita Herrengrund. Wahungari, ambao ufalme wao ulilitawala eneo hilo hadi mwaka 1918, walikiita Úrvölgy. Waslovakia hukiita Špania Dolina, wala mwanafunzi asidhani kwamba inayotajwa ni Uhispania. Neno hilo latokana na cheo cha mtawala. Lugha tatu, basi, zanena jambo moja: Bonde la Bwana.

Ushindani huo wa majina uliwafikia hata wanasayansi. Mwaka 1879 madini yaliyopatikana kijijini humo yalipewa majina mawili: herrengrundite na urvölgyite. Leo yanaitwa devilline, kwa heshima ya mwanakemia Mfaransa.

Je, mchimbaji yu wapi? Tangu mwishoni mwa karne ya 15, shaba ya sehemu hizo ilizitajirisha familia za Thurzo na Fugger. Mwaka 2008 yaligunduliwa katika pwani ya Namibia mabaki ya meli ya Wareno iliyozama karne ya 16 ikielekea India. Ndani yake mlikuwa na vipande vya shaba vyenye chapa ya Fugger, na wataalamu wakabaini kwamba shaba hiyo ilitoka katika milima ya Slovakia. Chapa ya tajiri ilivuka bahari. Jina la aliyeichimba halikuvuka hata kijito. Ama kweli, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Hata hivyo, wanyonge hao hawakunyamaza. Wachimbaji wa eneo la Banská Bystrica waliasi mwaka 1525 na 1526 kwa sababu ya ujira na ugumu wa maisha. Uasi wao ulizimwa, wala hakuna lolote kati ya majina hayo matatu linalowakumbuka.

Walimu wenzangu, mtihani huuliza kijiji kiliitwaje. Sisi tuwazoeze vijana kuuliza zaidi: ni nani aliyekiita hivyo, na ni nani ambaye hakuulizwa? Asiyeuliza hilo atakariri majina ya mabwana akidhani amejifunza historia ya watu.