Kupanda ni Siku Moja, Kutunza ni Kiangazi Kizima





Katika tafakari ya juma hili tunapenda kusema juu ya miche ya miti: ile inayogawiwa kwa wingi siku ya Kipaimara au siku ya somo wa kigango, ikapandwa kwa nyimbo na vigelegele, na ilipofika Agosti ikabaki vijiti vikavu. Watu husema ardhi ya Ihanja haipendi miti. Sisi hatukubaliani na usemi huo. Ardhi inayobeba mibuyu na migunga kwa vizazi na vizazi haistahili kusingiziwa hivyo. Tatizo lipo katika kalenda, na zaidi ya kalenda, lipo katika namna kazi inavyohesabiwa.

Tuanze na kalenda. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na Aprili huwa zimekwisha. Kuanzia hapo ni kiangazi cha miezi saba hivi. Juni na Julai huja baridi ya usiku pamoja na upepo mkavu unaonyonya maji katika majani. Septemba na Oktoba huja jua kali. Siku ya Kimataifa ya Misitu, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2012, huangukia tarehe 21 Machi. Ni siku njema, lakini mche unaotiwa ardhini hapa kwetu tarehe hiyo hubakiwa na majuma machache tu ya mvua. Mizizi yake haijapata kufika chini kwenye unyevu, nao kiangazi umeukuta ungali mtoto mchanga.

Vivyo hivyo, hayati Papa Fransisko aliweka mwaka 2015, mwaka uleule wa waraka wake Laudato Si', siku ya kuombea utunzaji wa uumbaji, tarehe 1 Septemba. Septemba hapa kwetu hakuna cha kupanda. Je, basi, siku hiyo haituhusu? Sisi tunaona inatuhusu kuliko wengine, kwa sababu inatukuta katika miezi ambayo kazi pekee iliyopo ni kutunza.

Ndugu zetu wa nchi za baridi wanalijua jambo hili kwa upande mwingine. Adui wao si ukame bali barafu. Wenye mitini na michungwa ndani ya vyungu huiingiza, majira ya baridi yanapokaribia, katika gereji isiyo na moto wala joto la kuongezwa, ambayo kuta zake hukinga upepo na baridi kali isiigandishe mizizi. Desturi hiyo ni ya kale. Huko Versailles, Ufaransa, Mfalme Louis wa 14 alijengewa kati ya mwaka 1684 na 1686 jumba kubwa la mawe, kwa kazi moja tu: kuhifadhi michungwa iliyooteshwa katika masanduku ya mbao hadi baridi ipite. Na kanuni yao ni rahisi. Mti uliomo gereji haulazimishwi kukua. Haupewi mbolea, hupewa maji kidogo tu, huachwa upumzike. Mtini hupukutisha majani yote, na asiyejua huutupa akidhani umekufa. Ajuaye hukwangua gome kidogo kwa ukucha: akiona ubichi chini yake, anajua kwamba mti umelala tu.

Sisi hatuna haja ya jumba la mfalme wala gereji. Tunao upenu wa nyumba. Tunapendekeza kwamba miche inayotolewa wakati wa Pasaka isiende shambani, bali ibaki ndani ya viriba, upenuni au chini ya chanja lililoezekwa kwa nyasi, hadi mvua za Majilio. Upande unaotoka upepo uzibwe kwa mabua ya mtama. Uwekwe uzio wa miiba, kwani mbuzi na kuku hawatambui baraka ya padre. Kila baada ya majuma mawili au matatu viriba visogezwe, na mizizi iliyochungulia chini ikatwe isije ikazama ardhini. Mche ukizidi kiriba, uhamishiwe katika ndoo mbovu iliyotobolewa chini. Mwezi mmoja kabla ya mvua, nyasi za kivuli zipunguzwe kidogo kidogo ili mche uzoee jua. Kisha, ardhi ikishalowa vizuri na si kwa manyunyu ya kwanza, ndipo upandwe. Hapo utakuwa na miezi minne au mitano ya mvua mbele yake.

Lipo neno moja zito ambalo hatuwezi kulikwepa, nalo ni maji. Kwa kadiri ya nusu lita kwa mche, miche 40 hunywa ndoo moja ya lita 20. Ndoo hiyo huletwa na nani? Tunajua sote: mama, au binti ambaye angekuwa anasoma. Mwezi wa Oktoba, kisima kinapokuwa na foleni tangu alfajiri, ndoo moja ya nyongeza si jambo dogo. Mpango wa kutunza uumbaji unaoongeza mzigo juu ya kichwa kimoja tayari kimeelemewa haumheshimu Muumba. Kwa hiyo tunasema waziwazi: wanaume wa UWAKA na vijana wa VIWAWA wenye baiskeli na madumu wachukue zamu hiyo, na maji yaliyosuuzia mboga na vyombo yasimwagwe ovyo. Na jumuiya isiyo na nguvu ya kubeba maji ya miche 40 ichukue 10. Miti 10 iliyo hai ni mingi kuliko vijiti 100.

Hapo ndipo tunafika kwenye kuhesabu. Taarifa nyingi husoma idadi ya miche iliyopandwa. Ni nadra kusikia idadi ya iliyopona. Wahenga walikwisha kusema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kitabu cha Mwanzo (2:15) kinampa mwanadamu kazi mbili katika bustani, si moja. Na ile ya pili, yaani kutunza, haina sherehe wala haipigiwi picha. Tunaomba kila Jumuiya Ndogo Ndogo isome Noeli ijayo idadi moja tu: ile ya miche iliyovuka kiangazi.

Na hesabu hiyo isiishie kwenye miti. Vitabu vyetu vya ubatizo na kipaimara vinaonyesha waliopandwa. Vijana wangapi kati yao wamevuka kiangazi chao cha kwanza: kukosa kazi, kuhamia mjini, ndoa iliyovunjika, msiba? Yupo aliyepukutisha majani, hasali tena, haonekani jumuiyani, nasi tumekuwa wepesi wa kusema amekufa kiroho. Katika Injili ya Luka (13:6-9) mwenye shamba alitaka kuukata mtini usiozaa, lakini mtunzaji akauombea mwaka mmoja zaidi, akiahidi kuupalilia na kuutilia mbolea. Yeye alitazama chini ya gome. Mkristo wa namna hiyo hahitaji kugombezwa wala kusukumwa achanue mara moja. Anahitaji upenu: mlango wa kugonga, mtu wa kumsalimu, kopo la maji kila siku, hadi mvua ya Mungu inyeshe. Wasimamizi wa ubatizo na wa kipaimara, kazi hiyo ni yenu hasa.

Mtume Paulo anatukumbusha (1 Kor 3:6-7) kwamba mpanzi na mmwagiliaji si kitu mbele ya Mungu mwenye kukuza. Ni kweli. Lakini hata Paulo hakumwacha mmwagiliaji nje ya hesabu.

Mwenyezi Mungu awabariki nyote, na awape subira ya mtunzaji.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele, Amina.