Betri kuukuu za magari zinaifaa Lamu, lakini zikifa zitarudi wapi?

KATIKA nchi za Ulaya na Marekani wapo watu wanaosafiri na nyumba zao, zile nyumba za magurudumu zinazofungwa nyuma ya gari na kukokotwa hadi ufukweni au msituni. Miaka ya karibuni baadhi yao wamegundua kwamba betri iliyovuliwa kwenye gari la umeme lililopata ajali au lililochakaa, ikiunganishwa na paneli za sola juu ya paa, hutosha kuwasha taa, feni na jokofu usiku kucha.

Lamu hatuna nyumba za magurudumu. Kisiwani Amu kwenyewe magari ni ya kuhesabika, na mzigo bado hupanda mgongoni mwa punda au juu ya mkokoteni. Lakini tunazo mashua za wavuvi zinazolala Kiwayu, majahazi yanayotembeza watalii siku mbili tatu, na nyumba za Ndau na Siyu zilizo mbali na nguzo kubwa za umeme. Mahitaji ni yale yale: mwanga, ubaridi na simu yenye chaji. Kwa hiyo swali la iwapo betri hizo zitafika huku halina maana sana. Bidhaa ikipatikana kwa bei nafuu Nairobi na Mombasa, haikawii kuvuka Mokowe. La kuuliza ni nani atakayezichukua zikishamaliza kazi.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayovutia. Chukua Nissan Leaf, gari lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010 na ambalo wakazi wa Nairobi walilizoea kupitia teksi za NopeaRide zilizoanza kazi mwaka 2018. Betri ya matoleo yake ya kwanza ilikuwa na uwezo wa kilowati-saa 24, uliogawanywa katika vipande 48 vya nusu kilowati-saa kila kimoja. Uwezo ukishuka hadi asilimia 70 hivi, dereva hulalamika kwamba hafiki aendako. Ila kipande kilichobaki na wati-saa 350 hakina safari ya kwenda popote kikiwekwa chini ya ngazi ya nyumba.

Nyumba yenye taa tatu za wati 7 zinazowaka saa tano, feni ya wati 50 inayozunguka saa nane, pamoja na televisheni ndogo na simu, hutumia takriban wati-saa 650 kwa usiku mmoja. Vipande viwili vingetosha kwa shida, vitatu kwa utulivu. Hata tukitupa robo ya vipande kwa ubovu, betri moja ya gari ingehudumia nyumba 12. Betri ya kawaida ya risasi na asidi yenye ampea-saa 100 huwa na uzito wa kilo 25 na zaidi, nayo haipaswi kukamuliwa kupita nusu ya uwezo wake. Kipande cha Leaf hakifiki kilo 4. Anayejua adha ya kupandisha mzigo kutoka gati ya Mtangawanda maji yakiwa yamekupwa ataelewa uzito wa tofauti hiyo.

Hayo ndiyo mazuri, na si haba. Mvuvi wa Kizingitini anayeweza kugandisha samaki wake usiku mmoja zaidi halazimiki kuuza kwa bei ya yule mnunuzi wa kwanza aliyetokea na barafu.

Hata hivyo, betri hizi zina tabia zake. Betri nzima ya Leaf ina uzito wa karibu kilo 300 na nguvu ya volti zinazokaribia 400, umeme wa kutosha kumuua fundi aliyezoea volti 12. Kuifungua ni kazi ya waliofunzwa, na ifanywe bara, si barazani. Pili, joto. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, Marekani, walilalamika kwamba betri zao zilikuwa zikipoteza uwezo upesi kuliko walivyoahidiwa, kwa kuwa gari hilo halina mtambo wa kuipoza betri. Lamu haina jangwa, lakini ina joto la mwaka mzima na chumvi ya bahari inayokula kila kiungo cha shaba. Tena Kenya hupokea magari yaliyokwisha kutumika, yasiyozidi umri wa miaka minane, kwa hiyo betri nyingi hutufikia zikiwa tayari zimechoka nusu.

Tatu, moto. Seli ya lithiamu iliyoumia au kujazwa kupita kiasi huweza kupata joto lisilozuilika, likarukia seli jirani. Katika mji wa mapaa ya makuti na vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kuingia, jambo hilo halipuuzwi. Zipo aina zilizo tulivu zaidi, hasa zile za chuma na fosfeti zinazotumika katika baadhi ya mabasi ya umeme ya Nairobi. Kama ni kuchagua, tungoje hizo.

Kwenye dawati la uhariri tumebishana zaidi ya mara moja kuhusu neno la kuziita betri hizi. Wengine huandika "chakavu", wengine "zilizotumika". Mimi napendelea "kuukuu", kama nguo iliyofifia rangi lakini bado inasitiri. Tatizo ni kwamba ukuukuu nao una mwisho, na kisiwani kila kilichoingia hukaa hapo mpaka mtu alipe nauli ya kukitoa.

Pwani tunayajua matokeo. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi kilisambaza sumu hewani na majini, watoto wakakutwa na risasi katika damu. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu iliirejesha amri hiyo Desemba 2024. Betri ya lithiamu haina risasi, ni kweli. Ina nikeli, manganizi, pengine kobalti, na majimaji ambayo yakiungua hutoa gesi kali.

Lakini kuna tofauti nyingine ambayo haisemwi sana. Betri ya risasi ina bei hata ikifa: mnunuzi wa vyuma chakavu huifuata mlangoni. Ya lithiamu haina mnunuzi kama huyo visiwani, kwa hiyo itaishia shimoni, jaani au baharini. Lamu imewahi kuonyesha kwamba taka ikipewa thamani hukusanywa. Mafundi wa hapa, wakiongozwa na Ali Skanda, walijenga jahazi la Flipflopi kwa plastiki na ndara zilizookotwa, wakalizindua mwaka 2018 na kulisafirisha hadi Zanzibar mwaka 2019.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, pamoja na kanuni zake za 2024, inamtwika mzalishaji jukumu la bidhaa yake hadi inapokuwa taka. Sasa betri iliyotengenezwa Japan, ikaingia na gari la mitumba, ikavunjwa Nairobi na kuuzwa Siyu, mzalishaji wake ni nani? Umoja wa Ulaya umejibu katika sheria yake ya betri ya 2023: anayeiandaa betri kwa kazi mpya na kuiingiza sokoni ndiye anayebeba wajibu. NEMA ingefanya vyema kulitamka hilo wazi kwa betri zinazokuja Pwani.

Na njia ya utekelezaji tunaijua tangu enzi za chupa za soda: amana. Mnunuzi alipe kiasi fulani juu ya bei, arudishiwe siku atakapoirudisha betri, naye muuzaji awe na mahali pa kuikusanya Mokowe kabla ya kupelekwa Nairobi kwa wanaopokea taka za elektroniki. Lamu ni miongoni mwa kaunti 14 zilizomo katika mradi wa serikali wa umeme wa jua unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, KOSAP. Sharti hilo linaweza kuandikwa katika zabuni za miradi ya aina hiyo na katika leseni za maduka ya sola, kabla boti ya kwanza yenye shehena ya betri hizo haijafunga gati.