Hodi Mbele ya Ngazi

Mjadala kuhusu majina wanayoitwa watu wenye ulemavu si mgeni miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili. Wapo wanaodai kwamba maneno kama kiwete, kipofu na kiziwi humshusha binadamu kwa kumvika umbo la vitu. Wapo wanaowajibu kwamba kijana na kiongozi nao wamevaa kiambishi hicho hicho wala hawajalalamika. Mjadala huo una faida yake. Hata hivyo, Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 54, imeyaweka pamoja mambo mawili ambayo wasomi wa lugha wameyatenganisha: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutajwa kwa namna isiyomdunisha, na ana haki ya kuweza kufika mahali pote. Haki ya kwanza imeandikiwa makala. Ya pili imeachiwa waashi.

Adu, wadi iliyo bara ya Malindi katika eneo bunge la Magarini, Kaunti ya Kilifi, yafaa kuwa mfano. Nyumba ya udongo ya Mgiriama aghalabu hukaa chini. Sakafu yake hukaribiana na ardhi ya uani, na mwenye mkongojo au kiti cha magurudumu huingia na kutoka bila ya kumwomba mtu. Ngazi huja na jengo la umma. Darasa, zahanati na ofisi ya chifu huinuliwa juu ya msingi wa mawe, na mlangoni huwekwa ngazi mbili au tatu. Mtu yule yule aliyejitosheleza nyumbani kwake asubuhi, akifika hapo hugeuka mzigo wa kubebwa. Miguu yake haikubadilika njiani. Kilichobadilika ni mlango.

Kubebwa huko si jambo dogo. Ada ya pwani ni kwamba mgeni hupiga hodi akaitikiwa karibu, kisha huingia kwa heshima yake. Anayeinuliwa kwapani na vijana wawili mbele ya foleni hana tena heshima hiyo, hata wabebaji wakiwa na moyo safi kiasi gani. Wapiga kura wa Magarini walirejea vituoni tarehe 27 Novemba 2025 katika uchaguzi mdogo wa mbunge, na nchini Kenya vituo vingi vya kura ni madarasa ya shule za msingi. Kura ni siri, lakini namna mtu alivyofikishwa kwenye sanduku huonwa na kijiji kizima.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 ya kuyarekebisha, na sehemu hiyo ilianza kutumika Januari 2010. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki hizi mwaka 2008. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Miaka 5 ya awali ilikwisha 2015, na bado zahanati na madarasa ya chekechea, ambayo ni dhamana ya kaunti, huweza kufunguliwa kwa ngoma na hotuba ilhali mlango wake una ngazi tupu.

Wengi hujikinga kwa methali: hujafa hujaumbika. Methali hii imetukuzwa mno. Humtisha mzima asicheke, lakini haimfungulii mlango asiyeweza kupanda. Humwonea mwenye ulemavu huruma, tena huruma yenyewe ni ya msemaji kujihurumia kesho yake.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Michoro na makadirio ya ujenzi huandikwa kwa Kiingereza. Kamati ya shule na fundi hujadiliana kwa Kigiriama na Kiswahili, na njia hii haina hata jina moja lililokubaliwa. Wapo wasemao rampu, wapo wasemao njia ya mteremko, na wengine husema tu “ile ya viti”. (Mteremko nao una kasoro: humtazama anayeshuka, hali aendaye zahanati huanza kwa kupanda.) Kisicho na jina katika mazungumzo hayo husahaulika kwa wepesi, au hufanywa kwa kukisia.

Na kukisia kuna hatari. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo hudai sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zina kimo cha sentimita 45, basi njia yake yataka mita 5.4. Fundi asiyeambiwa hayo humwaga zege la mita moja na nusu, mkaguzi akatia alama yake, na kiti kikapinduka kinyumenyume siku ya kwanza. Hata iliyopimwa vizuri haifai kitu iwapo kutoka langoni hadi hapo ni mchanga mtupu au tope.

Gharama nayo ni kisingizio dhaifu, maana njia ijengwayo pamoja na msingi hula mifuko michache ya saruji. Ghali ni kuja kubomoa baadaye. Vipimo hivi vyote vyaenea katika ukurasa mmoja. Kuutafsiri ukurasa huo, pamoja na kuamua jina, ni zoezi la somo la tafsiri la muhula mmoja, na wasomaji wake wa kwanza wangekuwa mafundi na kamati za shule za Adu.