ONDOENI UKIBARUA, SI VIBARUA



Twasikia mara kwa mara kwamba serikali za kaunti zataka kumaliza vibarua. Neno hilo "kumaliza" latutia wasiwasi. Wengine wetu kwetu ni Ekerenyo, na soko lile twalijua. Anayelifagia alfajiri, kabla akina mama wa ndizi hawajafika, akifukuzwa yeye takataka hazitafukuzwa. Kazi ni ya kila siku. Kwa nini mwenye kuifanya awe mtu wa siku moja?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema wazi. Kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja, au kazi yenyewe ikiwa haiwezi kwisha kwa miezi mitatu, huyo si kibarua tena. Ni mtu wa mshahara wa mwezi, na haachishwi bila notisi ya siku 28. Akifika miezi miwili apata haki zile zile za mtu aliyeandikwa sawasawa tangu mwanzo. Hii si hisani ya bwana mkubwa yeyote.

Sisi wa reli jambo hili si geni kwetu. Januari 1947 watu wa reli waligoma Mombasa pamoja na vibarua wa bandarini, na mji ukasimama. Wakubwa wa siku zile walidhani kibarua aupenda ukibarua wake. (Labda hawakumwuliza mkewe.) Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ikakubali kwamba mshahara umtoshe mfanyakazi pamoja na jamaa yake.

Kaunti zilianza 2013, zikarithi watu wa halmashauri za zamani. Wakubwa husema fedha hazitoshi, na katika orodha mna majina yasiyo na watu. Hayo majina hewa yafutwe, nasi twaunga mkono. Lakini watu wahesabiwe pale kazini, fagio mkononi, siyo ofisini kwa kalamu.

Basi kila kibarua anunue daftari ndogo. Aandike tarehe, kazi, jina la nyapara na fedha alizopokea. Ujumbe wa malipo ulio katika simu usifutwe. Mwajiri asipotoa mkataba wa maandishi mbele ya korti, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake. Lakini daftari yako itamsaidia wakili. Na usilale: madai yakipita miaka mitatu korti haiyapokei. Mpelekee mjumbe wa chama daftari hiyo kabla ya mwisho wa mwezi.