Hiyo 525 Ifutwe Kwenye Boksi

KUTOKA JERICHO, na Mwalimu Odhiambo

Wiki hii nimekasirishwa na tarakimu tatu zilizochapishwa kwa rangi nyekundu kwenye boksi la kadibodi: 525. Ziko chini ya picha ya Zohali na pete zake, picha ambayo hakuna darubini ya dukani itakayokuonyesha. Jirani yangu, mama anayeuza mboga karibu na steji, alilipa shilingi elfu kumi na mbili kwa ajili ya tarakimu hizo. Zilikuwa pesa za chama. Zamu yake ya kupokea ilifika Januari, mwezi ambao kila mzazi wa Nairobi anakimbizana na karo, na bado akaamua kumnunulia bintiye wa Gredi ya 8 kitu alichokiomba tangu Septemba 7 mwaka jana, usiku ule mwezi ulipopatwa wote.

Nasema mapema ili tusipotezeane muda: huo ni wizi. Nimeichunguza darubini hiyo kwa mikono yangu, na ninasema ni wizi unaofanywa mchana, ndani ya duka lenye leseni, kwa mama ambaye hesabu yake ya sukuma na nyanya haijawahi kukosea hata shilingi.

Aliniita Jumatatu usiku. "Mwalimu, kuja uone hii kitu. Mtoto amekataa kula." Nikapanda hadi juu ya ghorofa, pale wanapoanika nguo. Binti alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, jicho limegandana na bomba jembamba jeupe lililosimama juu ya miguu mitatu ya bati. Mwezi ulikuwa nusu, umepanda juu ya vichwa vyetu. Mshtarii ilikuwa inawaka upande wa mashariki. Wasomaji wa safu hii mnajua ugomvi wangu na ule mnara wa mulika mwizi, na mnajua barua nilizoandikia kaunti wauelekeze mwanga wake chini badala ya kuumwaga angani. Lakini usiku ule sikuwa na kesi nao. Mwezi na sayari zina nguvu kuliko taa yoyote ya Eastlands. Ukiwa Kayole, Dandora au Umoja, hivyo utaviona tu. Kosa halikuwa la anga.

Niliinama nikatazama. Kulikuwa na ukungu wa kijivu unaotetemeka.

Binti alikuwa amefuata maagizo. Kijikaratasi kilimwambia achomeke lenzi ya jicho ya milimita 4, kisha katikati atie lenzi ya Barlow inayokuza mara 3. Hesabu yenyewe haina kasoro: urefu wa fokasi wa bomba ni milimita 700, gawanya kwa 4 upate 175, zidisha kwa 3 upate 525. Ndiyo sababu muuzaji anaweza kukutazama machoni akaapa kwamba boksi linasema kweli.

Kinachofichwa ni upana wa lenzi ya mbele. Wa hii ni milimita 60. Undani wote utakaouona lazima upitie katika upana huo, na watazamaji wa nyota duniani kote wana kipimo kimoja rahisi: chukua milimita za upana, zidisha kwa 2, hapo ndipo ukuzaji wenye maana unapokomea. Kwa hiyo 60 inakupa 120, tena usiku hewa ikiwa imetulia kabisa. Kupita hapo ni sawa na kuvuta picha ya simu kwa vidole viwili, uso unazidi kuwa mkubwa na macho yanazidi kupotea. Galileo alipoiona miezi minne ya Mshtarii mwaka 1610, ukuzaji wake ulikuwa kama mara 20. Kwa 20 hizo alibadilisha fikra za dunia nzima, na sisi tunauziwa 525 ya kuona ukungu.

Niliichomoa Barlow. Nikatoa ile ya milimita 4, nikaweka ya milimita 20. Ukuzaji ukashuka hadi 35, na mwezi ukajitokeza: mashimo yamejipanga kando ya mstari wa kivuli, milima inashika mwanga upande mmoja. Binti alivuta pumzi. Mama yake alikuja akatazama, akasema "Yesu wangu," akarudi tena kutazama. Kisha binti akagusa gurudumu la kufokasi na mwezi wote ukaruka nje. Ile miguu ya bati ilikuwa inatikisika. Niligonga bomba kwa kidole na nikahesabu. Picha ilichukua sekunde nyingi mno kabla ya kutulia. Stendi nzuri hutulia ndani ya sekunde moja au mbili. Darubini iliyo juu ya stendi inayotikisika haina thamani hata lenzi zake zikiwa za dhahabu, na hili ndilo jambo la kwanza ambalo yeyote anaweza kulipima dukani bila kuwa na elimu yoyote. Gonga, uhesabu.

Kilichonipandisha damu kilikuja baadaye. Nilimwambia binti alete rula ya shule na karatasi nyeupe. Nikaelekeza tochi ya simu kwenye lenzi ya jicho, mwanga ukapita kinyumenyume na kutokea mbele, ukaangukia karatasi. Akapima duara. Akapima tena, akidhani amekosea. Milimita 40 na kidogo. Ndani ya bomba, nyuma ya lenzi, kiwanda kimetia pete ya plastiki yenye tundu, ili kuziba kingo za lenzi zinazoharibu picha. Boksi limeandikwa 60. Mama amelipia 60. Mtoto anatazama kwa 40.

Jumatano tulirudi dukani, katikati ya jiji. Sitalitaja jina lake. Kijana wa kaunta alimwambia mama, "Madam, kitu ikishatoka hapa hairudi. Na tulikutestia." Kweli walimtestia: mchana, wakaielekeza kwenye dirisha la jengo la ng'ambo ya barabara, kwa ukuzaji mdogo, bomba likiwa limelazwa juu ya kaunta. Hata chupa ya soda ingeonyesha dirisha hilo. Kupima darubini ni kuitoa nje, kuisimamisha juu ya stendi yake, kuielekeza kitu cha mbali chenye mistari myembamba kama antena juu ya ghorofa, na kuangalia kama mistari inabaki safi unapopandisha ukuzaji au inajizungushia zambarau na manjano. Usiku ni kuchagua nyota moja na kuitoa kwenye fokasi, ndani kidogo, nje kidogo. Inapaswa kufunguka kuwa duara lenye pete zinazoshiriki kitovu kimoja, na pande zote mbili zifanane. Duara likipinda upande, vioo au lenzi zimekaa vibaya. Baadaye mwaka, Msalaba wa Kusini ukipanda, elekeza kwenye nyota angavu iliyo jirani yake, Alfa Kentauri: kwa jicho ni moja, kwa darubini nzuri ya milimita 60 ni mbili zilizotengana waziwazi. Duka lisiloweza kukupa hata usiku mmoja wa kufanya hivyo na ruhusa ya kurudisha halistahili pesa yako. Sioni haja ya kulizungusha jambo hili.

Kijana alikuwa na dawa nyingine. "Mzee, ongeza elfu kumi na nane nikupe hii ya maprofesheno." Akateremsha darubini yenye stendi ya ikweta, ile yenye mkono uliopinda na jiwe la uzani upande wa pili. Inapendeza macho. Nikamwomba aiweke tayari kwa ajili ya Nairobi.

Hakuelewa, na hapa ndipo ninapotaka kila mzazi anisikilize. Stendi ya namna hiyo hufanya kazi ikiwa mhimili wake umelazwa sambamba na mhimili wa dunia, na pembe ya kuulaza ni latitudo ya mahali ulipo. Mtu wa London anauinua nyuzi 51. Nairobi iko nyuzi 1 na dakika 17 kusini ya Ikweta, kwa hiyo mhimili unapaswa kulala karibu chapati. Nyingi za bei nafuu hazishuki kufika huko. Zinazoshuka, jiwe la uzani linagonga miguu ya stendi kabla hujafika kwenye nyota. Kitabu chake cha maagizo kinakuambia uanze kwa kuitafuta Nyota ya Kaskazini, ambayo kutoka Nairobi iko chini ya upeo wa macho. Elfu thelathini za mama mboga, kununua mtambo uliobuniwa kwa anga la watu wengine! Nimelisema hili mbele ya wateja waliokuwa dukani, na kwa sauti.

Halafu akafungua boksi la hiyo ya pili kunionyesha vifaa, na ndani yake kukawa na kichujio cheusi kidogo kilichoandikwa SUN. "Hiyo ni bonasi, mzee." Nilipoulizia, mama akasema na wao wanacho nyumbani. Mwili wangu ulikufa ganzi. Kichujio hicho kinafungwa kwenye lenzi ya jicho, mahali ambapo darubini imekwisha kuukusanya mwanga wote wa jua na joto lake. Kioo kinapata moto, kinapasuka, na jicho liko sentimita chache nyuma yake. Retina haina hisia ya maumivu. Mtoto hatapiga kelele, atagundua baadaye kwamba haoni katikati ya ukurasa. Kichujio cha jua kilicho salama hukaa mbele ya bomba, kikifunika mlango wote wa mwanga kabla haujaingia. Agosti 2, 2027 jua litapatwa, lote kaskazini mwa Afrika hadi kwenye ncha ya Somalia, na kwa sehemu hapa kwetu. Kila darubini iliyo chini ya vitanda vya Eastlands itatolewa siku hiyo. Kile cha binti tulikivunja kwa nyundo jioni hiyohiyo. Wewe msomaji uliye nacho, usisubiri kumaliza ukurasa huu.

Mtaniuliza kwa nini tunaibiwa hivi. Nawajibu kama mtu aliyefundisha fizikia hadi kustaafu: tumewafundisha watoto kuchora miale kwenye karatasi ya mtihani bila kuwapa lenzi mkononi. Mtu aliyewahi kushika lenzi mbili na kuziweka mbele ya dirisha hawezi kuuziwa 525. Na hii ndiyo nchi ambayo Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Wataalamu wa nyota wa dunia nzima wanalitamka jina hilo. Muulize mtoto wa mtaa wa Uhuru, hapa jirani na Jericho, kama amewahi kuambiwa.

Basi mzazi afanye nini na hizo elfu kumi na mbili? Anunue binokula, zile zilizoandikwa 10x50 au 7x50. Zinapatikana za mitumba Gikomba ukiwa na subira. Zimulike kwa tochi uangalie kama kuna kuvu kama utando ndani ya lenzi. Zitikise usikie kama kuna kinachocheza. Tazama antena ya mbali: ukiona mbili badala ya moja, mapipa hayako sambamba, zirudishe mezani. Zikiwa nzima, egemea ukuta na uitazame Kilimia mwezi huu. Jicho linaona nyota sita hivi. Binokula zitakumwagia makumi, hata chini ya mulika mwizi.

Na anayetaka darubini hasa, asinunue peke yake. John Dobson, mtawa wa zamani wa San Francisco aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kundi la watazamaji wa nyota wa vijiani mwaka 1968, alisaga vioo kutokana na vioo vinene vya madirisha ya meli, akavitia kwenye mabomba ya kadibodi na kuvikalisha juu ya sanduku la plaiwudi linalozunguka. Halina pembe ya kulaza, halina jiwe la uzani, halijali kama uko London au Jericho. Seremala yeyote wa Jogoo Road analitengeneza sanduku hilo kwa siku moja. Kioo ndicho cha kununua. Kioo cha milimita 150 kinakusanya mwanga mara 6 na robo kuliko lenzi ya 60 ya kweli. Familia kumi za chama zikichanga zinakipata, na watoto wa ploti nzima wanatazama. Kabla ya kuchanga, tazameni kwanza kupitia darubini nzuri ya mtu mwingine. Susan Murabana na wenzake wa Travelling Telescope wamezunguka shule za nchi hii miaka mingi na darubini yenye kioo cha inchi 12. Mtoto aliyeitazama Zohali humo hadanganywi tena na picha ya boksi.

Mama mboga hajarudishiwa pesa. Kijana wa kaunta alituambia tumwachie nafasi ahudumie wateja. Basi Jumamosi ijayo, kuanzia saa nne asubuhi, nitasimama kwenye kibaraza cha umma nje ya duka hilo nikiwa na tochi, karatasi nyeupe na rula, na binti wa Gredi ya 8 amekubali kushika karatasi. Kila mzazi atakayetoka na boksi lenye 525, tutampimia bure kabla hajavuka barabara.